Muulizeni Aliye Kwenye Cherehani

Mwaka 1948 watafiti wawili wa Marekani, Lester Coch na John French, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika kiwanda cha pajama cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia. Wengi wa wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa wanawake vijana kutoka mashambani, na walilipwa kulingana na idadi ya vipande walivyomaliza. Kila walipobadilishiwa kazi, uzalishaji ulishuka, manung'uniko yakaongezeka, na wengi wakaondoka.

Watafiti wakawapanga mafundi katika makundi. Kundi moja lilipewa taarifa tu kwamba kazi imebadilika na kiwango kipya ni hiki. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kuketi na wakuu. Makundi mengine yalishirikishwa yote, kila fundi akiwa na neno lake. Katika kundi lililopewa taarifa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza, na uzalishaji haukuinuka. Makundi yaliyoshirikishwa yote yalirejea upesi katika kiwango chao cha awali, kisha yakakipita kwa asilimia 14 hivi.

Utafiti huo ni mojawapo ya mawe ya msingi ya somo linalofundishwa leo katika shule nyingi za biashara duniani: namna ya kuongoza kampuni wakati wa mabadiliko. Nauleta mbele ya wasomaji wa Kitui na Makueni kwa sababu kaunti hizi mbili zimepitia mageuzi ya kibiashara yanayostahili kuchunguzwa kwa umakini ule ule, na kwa sababu naamini somo la Harwood ndilo tunalolipuuza zaidi. Mabadiliko hudumu pale wanaoyabeba wanapokuwa na sauti ndani yake. Tukitaka kujua kwa nini mradi fulani ulisimama na mwingine ukaanguka, tuanze kwa kumuuliza aliye kwenye cherehani na aliye chini ya mwembe.

Tuanze Syongila, nje kidogo ya mji wa Kitui. Hapo ndipo serikali ya kaunti, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipojenga kiwanda cha nguo cha KICOTEC. Nia ilikuwa kushona sare na nguo nyingine ambazo Kitui ilikuwa ikinunua kutoka nje, na kuwapa ajira vijana wa kaunti, wengi wao wanawake. Kisha Machi 13, 2020, Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona. Barakoa zikaadimika dunia nzima. Katika wiki chache kiwanda hicho kikageuza kazi yake, na vyombo vya habari vya ndani na vya nje vikaripoti kwamba kilikuwa kikitoa takriban barakoa 30,000 kwa siku.

Tusilichukulie jambo hilo kijuujuu. Barakoa ya hospitali haitokani na kitambaa cha sare ya shule. Inataka kitambaa maalumu chenye tabaka kadhaa, waya wa kubana pua, lastiki, usafi mkali mahali pa kazi, na idhini ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Fundi aliyezoea kola na mfuko alilazimika kujifunza mshono mpya, kasi mpya na kanuni mpya za afya, huku yeye mwenyewe akiuogopa ugonjwa ule ule. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yaliyofanya mageuzi kama hayo mwaka huo yaliandikiwa habari za sifa. Mafundi wa Syongila walifanya kazi ya uzito huo huo, katika kaunti kame ambayo magazeti huitaja zaidi wakati wa njaa.

Lakini kisa chochote cha mageuzi hupimwa kwa yanayofuata baada ya dharura. Machi 11, 2022, serikali iliondoa sharti la kuvaa barakoa hadharani. Agosti 9 mwaka huo huo Wakenya wakapiga kura. Ngilu hakuwa tena kinyang'anyironi, na Julius Malombe, aliyekuwa gavana wa kwanza tangu 2013 na ambaye Ngilu alimshinda 2017, akarejea ofisini. Kwa muda wa miezi mitano tu, kiwanda kiliagana na soko lililokipa jina na kikaagana na kiongozi aliyekianzisha. Hakuna kampuni binafsi duniani ambayo ingechukulia matukio hayo mawili kuwa jambo dogo.

John Kotter wa Harvard, aliyeandika mwaka 1995 makala iliyosomwa kupita karibu zote katika somo hili, alitaja makosa manane yanayoangusha mageuzi. Mawili ya mwisho yanaihusu Kitui moja kwa moja. Moja ni kutangaza ushindi mapema. La pili ni kutoyatia mageuzi mizizi katika taasisi yenyewe, hata anapokuja mkuu mpya asiyeyaamini, kazi yote inarudi nyuma. Kotter alikuwa akizungumzia makampuni ambayo mkuu huondoka anapostaafu. Kwetu, kampuni ya kaunti hukabiliwa na uwezekano wa kubadilishiwa mkuu kila baada ya miaka mitano, kwa tarehe inayojulikana, na mara nyingi anayeingia ni mpinzani wa anayetoka. Hatari hiyo haimo katika orodha za vitabu vya Harvard. Imo katika kalenda ya uchaguzi wa Kenya, na kila anayeanzisha kiwanda cha umma Kitui au Makueni anapaswa kuipangia tangu siku ya kuweka jiwe la msingi.

Makueni walijaribu kuipangia. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, na ikatunga sheria ya kuunda mamlaka maalumu ya kuendeleza na kuuza matunda. Uamuzi huo wa kisheria haukupigiwa vigelegele kama mtambo wenyewe, lakini kwa mtazamo wangu una thamani zaidi ya mtambo. Kiwanda kilichosimamishwa na sheria ya bunge la kaunti hakiwezi kusahaulika kimya kimya. Anayetaka kukibadilisha analazimika kuja mbele ya wawakilishi wa wadi na kueleza sababu. Mutula Kilonzo Junior alipochukua ugavana 2022, alikuta taasisi yenye jina na jukumu lililoandikwa.

Kalamba ina somo jingine ambalo vitabu vya makampuni huligusa kidogo mno. Kwa miaka mingi mkulima wa maembe wa Makueni alimngoja dalali. Dalali alikuja na lori, akataja bei, akachuma, akaondoka. Mkulima ambaye maembe yake yalikuwa yameiva hakuwa na nguvu ya kukataa, kwa kuwa embe halingoji. Kiwanda cha kutengeneza rojo ya maembe kilikusudiwa kuvunja hali hiyo: kununua tunda ambalo halikufaa kuuzwa bichi mbali, kulisindika, na kulihifadhi ili liuzwe kwa watengenezaji wa sharubati hata baada ya msimu kwisha.

Sasa tazama kampuni hiyo iko wapi hasa. Ndani ya lango kuna mitambo, mafundi na wahasibu. Nje ya lango kuna maelfu ya wakulima wenye miti ya aina ya apple, kent, tommy na ngowe, na hakuna hata mmoja wao aliyeajiriwa na meneja. Meneja anaweza kubadilisha zamu za kazi kwa barua. Hawezi kumwandikia barua mkulima wa Mbooni au Kathonzweni akamwamuru asimuuzie dalali. Dalali hulipa taslimu papo hapo. Kiwanda kikichelewesha malipo kwa majuma mawili tu wakati karo ya shule inadaiwa, mkulima amekwisha kuhama, na mtambo wa mamilioni unabaki bila malighafi. Mabadiliko ya kampuni ya aina hii huamuliwa shambani, na watu wasio na cheo wala kadi ya kazi.

Ushahidi mzuri kabisa wa jambo hili ni inzi wa matunda. Inzi vamizi aina ya Bactrocera dorsalis alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Kufikia 2014 nchi ililazimika kusimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya, maana shehena zilikuwa zikikamatwa na funza ndani. Soko hilo lilifunguliwa tena 2021, na Makueni ikawa katikati ya juhudi hizo kama eneo lenye udhibiti wa wadudu hao. Hakuna waziri wala gavana aliyeweza kumfukuza inzi kwa tamko. Ilibidi wakulima waliopakana watege mitego pamoja, waokote maembe yaliyoanguka na kuyaharibu badala ya kuyaacha yaoze chini, na wafanye hivyo msimu baada ya msimu. Mkulima mmoja mzembe huwazalishia majirani kumi wadudu. Wataalamu, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi, walileta maarifa. Waliotekeleza walikuwa majirani waliokubaliana.

Kukubaliana kwa majirani si jambo geni Ukambani, na hapa historia yetu ina kisa ambacho kingefaa kufundishwa kabla ya kingine chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Serikali ya kikoloni nayo ilidai kwamba mifugo ya Wakamba ilikuwa ikiharibu ardhi. Ng'ombe wakakamatwa na kupigwa mnada kwa lazima. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kutembea hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kusikizwa na gavana. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini mwaka huo huo serikali ikaachana na mnada wa lazima. Mpango wa biashara uliotegemea kushurutisha wenye mali ulikwama kwa sababu wenye mali hawakuwa wameulizwa.

Linganisha na matuta. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni hadi ilipotengwa 1992, ilihesabiwa na wakoloni kuwa ardhi inayokufa. Matuta yaliyochimbwa kwa amri yalichukiwa. Lakini vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, hasa vya akina mama, vilipochagua wenyewe aina ya tuta na shamba la kuanzia, na mazao ya kuuza yalipoanza kuleta fedha, vilima vya Mbooni vikajaa matuta ya fanya juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti mkubwa uliofuatilia wilaya hiyo kuanzia 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ukapungua na mazao yakakua kuliko watu. Wasomi wengine walikosoa baadaye, wakasema faida haikugawanyika sawa kati ya wenye kipato cha mjini na maskini wa kijijini. Ukosoaji huo ni wa haki, na ni sehemu ya kisa. Kisa kizuri huonyesha pia aliyeachwa nyuma.

Kwa hiyo nikisikia mkufunzi wa usimamizi akiwaambia wanafunzi kwamba watu kwa asili hupinga mabadiliko, huwaza kuhusu watu wale wale wa vilima vile vile. Walimpinga Liebig kwa miguu yao na wakachimba matuta kwa mikono yao. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa ameamua.

Somo hili lina pia upande wake usio imara, na ni wajibu wetu kuusema. Kwa miaka mingi washauri wa makampuni wametembea na dai kwamba asilimia 70 ya mageuzi yote ya kampuni hushindwa. Michael Beer na Nitin Nohria walilitaja katika makala yao mashuhuri ya mwaka 2000, na likawa kama aya ya maandiko. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alichunguza chanzo cha dai hilo na hakupata ushahidi thabiti wa kulithibitisha. Hata hivyo takwimu hiyo bado hukaririwa katika tasnifu za Nairobi, Nakuru na Kitui. Hapo ndipo ninapoona hatari ya kuazima maarifa bila kuyapima kwa macho yetu.

Hazina za kidijitali za vyuo vikuu vyetu, hasa Chuo Kikuu cha Nairobi, zimejaa miradi ya shahada ya uzamili kuhusu usimamizi wa mabadiliko katika benki, mashirika ya serikali na kampuni za simu. Mingi ina umbo moja. Nadharia ya Kurt Lewin na hatua za Kotter huwekwa katika sura ya pili, hojaji ya kuchagua kuanzia 1 hadi 5 hugawiwa, na wastani hukokotolewa. Waliojaza hojaji mara nyingi ni mameneja. Meneja aliyesimamia mageuzi akiulizwa kama mageuzi yalisimamiwa vizuri, jibu lake linajulikana kabla ya kalamu kugusa karatasi. Coch na French wasingegundua lolote pale Harwood kama wangewahoji wasimamizi peke yao.

Pia kuna biashara ambazo tasnifu hizo hazizioni kabisa. Miji ya Salama, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ilikua kwa malori ya barabara kuu ya Mombasa. Hoteli, lojing, gereji, wachoma nyama na waziba pancha waliishi kwa madereva wa masafa marefu. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya kisasa (SGR) ikaanza safari, mwaka uliofuata ikafuata ya mizigo, na 2019 serikali ikaagiza makontena yasafirishwe kwa reli. Agizo hilo lilipingwa vikali, likasitishwa, na hatimaye Septemba 2022 Rais William Ruto akairudisha Mombasa kazi ya kuidhinisha mizigo. Mwenye hoteli ya vyumba sita Mtito Andei aliongoza kampuni yake katikati ya mawimbi hayo yote bila mshauri wala mkopo nafuu. Nani alipunguza wafanyakazi, nani aligeuza lojing kuwa nyumba za kupanga, nani aligeukia wasafiri wa basi? Majibu hayo yangemsaidia mfanyabiashara wa kesho kuliko kisa cha kumi kuhusu kampuni ya magari ya Detroit.

Wapo watakaosema kwamba serikali haina kazi ya kufanya biashara, na kwamba viwanda vya kaunti havistahili kuitwa makampuni. Nakubali kwamba historia ya viwanda vya umma Kenya ina makaburi mengi. Lakini hoja hiyo inaongeza haja ya kuandika visa, haiipunguzi. Kama Kalamba inapaswa kubaki mikononi mwa umma, kuwa mali ya ushirika wa wakulima, au kukodishwa kwa mwekezaji, uamuzi huo uamuliwe kwa hesabu zilizo wazi na ushuhuda wa wakulima. Leo uamuzi wa aina hiyo huangukia jukwaani, kati ya anayejisifu na anayelaumu.

Ninachopendekeza kinawezekana, na hakihitaji mfadhili. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kwa Vonza, ndani ya Kitui. Mizizi yake ni Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojengwa kwa harambee ya wananchi, na kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kina shule ya biashara. Harvard ilianza kuandika visa vyake kwa kampuni ya viatu mwaka 1921. Kwa Vonza inaweza kuanza na KICOTEC na Kalamba. Wanafunzi wakae Syongila na mafundi waliogeuza cherehani kutoka sare hadi barakoa, wawaulize waliambiwa nini, waliamua nini, na nini kilifuata. Waketi na wakulima wa Makueni waliouza kiwandani na wale waliorudi kwa dalali. Waandike kwa Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, ili waliohojiwa waweze kusoma na kusahihisha. Serikali zote mbili za kaunti nazo zifungue vitabu vya viwanda hivyo: gharama, mauzo, mishahara, madeni. Kifungu cha 10 cha katiba yetu kinataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa thamani ya taifa, na Makueni imejijengea sifa kwa mikutano inayoanzia kijijini. Hesabu za kiwanda zikiwekwa mezani katika mikutano hiyo, wananchi watajadili biashara kama wenye mali.

Muda si mrefu. Malombe anatumikia muhula wake wa pili, na katiba hairuhusu wa tatu. Hivyo Agosti 2027 Kitui itapata gavana mpya, iwe ni rafiki wa mtangulizi wake au mpinzani. Gavana huyo atakuta viwanda, madeni na ahadi, na siku ya kwanza ataambiwa mambo mawili yanayopingana kuhusu kila kimoja. Akikuta pia kisa kilichoandikwa kwa uaminifu, chenye sauti za mafundi na wakulima pamoja na hesabu zilizokaguliwa, atakuwa na msingi wa kuamua. Kisipokuwepo, ataanza upya kama waliomtangulia, na gharama italipwa na fundi wa Syongila ambaye hakuna aliyekwenda kumuuliza.